Mguu wa Bibi Harusi

Mtihani wa uprofesa wa historia ya sheria, kule Paris, una desturi yake. Mtahiniwa huokota mada, hupewa siku nzima, na marafiki humsaidia kupekua vitabu. Kesho yake husimama peke yake mbele ya jopo, marafiki wakiwa nyuma wanasikiliza. Gaëtan Lesourd alikuwa ameanguka mara mbili. Akianguka tena, basi ni kurudi chuo cha Poitiers kuwa mhadhiri msaidizi mpaka mvi. Mada aliyookota ilikuwa fungu la mjane katika sheria za kale.

Sasa huyu Thibaud Carrel, ambaye mwakani angeufanya mtihani huohuo, alijitolea kumsaidia kwa nini? Tena ametoka kupiga simu, karudi anachekacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, Gaëtan akawaza.

"Shika hii, mzee," Thibaud akasema, akisukuma karatasi kando ya mkate na soseji. "Jimbo la Bretagne. Mke hupata fungu lake la ujane pale anapotia mguu kitandani kwa mumewe."

"Mguu?"

"Mmoja tu! Wa pili hausubiriwi."

"Acha utani wako."

"Nikutanie leo? Imo kwenye sheria zao. Iseme, watakupenda."

Watanipenda au watanicheka? Angeweza kukiomba kitabu cha sheria hizo, lakini kukiomba ni kumwambia mwenzake usoni kwamba hamwamini. Akatabasamu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Alijiona mjanja kweli, maskini.

Kesho yake alizungumza vizuri, hadi mwenyekiti wa jopo, mzee Vautrin, alipovua miwani.

"Na Bretagne? Mbona umeiruka?"

"Nililetewa kisa cha mguu wa bibi harusi, mheshimiwa. Nikaona ni mzaha."

Ukumbi ukacheka. Kicheko kile kikamlewesha, akaongeza ambalo hakuulizwa: "Aliyenipa ni Thibaud Carrel, naye ana sababu zake za kutaka nianguke."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Vautrin akafungua kitabu kilichokuwa mbele yake, akasoma kifungu chenyewe kwa sauti, mguu na kitanda vyote vimo.

"Kushuku ndiyo kazi yetu," akasema. "Lakini tunashuku maandishi, kisha tunafungua kitabu. Wewe umemshuku mtu, kitabu ukakiacha kimefungwa."

Jioni majina ya waliofaulu yakabandikwa. Gaëtan alikuwamo, wa mwisho, maana mengine yote aliyajibu barabara. Hakushangilia. Alimkimbilia Thibaud mlangoni, akamshika mkono, aibu imemjaa.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sijui nilipatwa na nini."

Thibaud akautoa mkono wake taratibu, akavaa kofia.

"Hongera, Profesa."

Cheo hicho Gaëtan alikitamani miaka yote, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwita kwacho.