Nyeupe ya Risasi

Tangu walipomzika binti yake Tessa, Vanni hakulia hata mara moja. Watu wa mji wa Prato walinong'ona kwamba amegeuka jiwe. Wangejua! Jiwe angalau hupata joto likipigwa na jua.

Aliendelea kuchora malaika kwenye ukuta wa kanisa la watawa, kama alivyoahidi kabla tauni haijamchukua mtoto. Kila asubuhi shemeji yake Mone, ndugu wa mkewe, alipiga lipu ya chokaa kipande cha siku hiyo tu. Vanni alipaswa kukimaliza kabla ya jioni, maana rangi hushikwa na chokaa ikiwa bado mbichi. Ikikauka, basi tena. Anayesema haraka haraka haina baraka hajawahi kuchora ukutani.

Siku hiyo alibaki malaika wa mwisho. Vanni hakupanga kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, na kufikia adhuhuri uso wa Tessa ulikuwa pale, wa miaka tisa, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia. Vanni alimtazama mwanawe, akangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Akachovya brashi tena.

Chini ya jukwaa alilosimama, Mone alikuwa akiosha vyombo. "Shemeji, hili bakuli mbona zito hivi?"

"Zito vipi?"

"Zito kwa madini ya risasi! We shemeji, umechorea nyeupe ya risasi, ile ya kuchorea kwenye mbao! Nyeupe ya chokaa hii hapa, hujaigusa. Hata mimi mpiga lipu najua!"

Kila mchoraji hulijua hilo kabla hajaota ndevu: nyeupe ya risasi ikitiwa kwenye ukuta mbichi hugeuka nyeusi. Si leo wala kesho, lakini hugeuka. Na Vanni alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo.

"Bomoa," Mone akasema, sauti imeshuka. "Nikipaka upya sasa hivi, utawahi."

"Sitampata tena. Nikifumba macho simwoni. Mkono tu ndio uliomkumbuka. Acha."

Nencia, mkewe, aliingia na mkate na jibini. Tangu mazishi alikuwa akiviacha chini ya ngazi na kuondoka, na Vanni akivila bila kumtazama aliyeleta. Leo aliuona ukuta. Akapanda.

"Ni yeye," akasema.

"Atakuwa mweusi. Nimekosea rangi. Labda miaka kumi, labda ishirini."

"Uso wote?"

"Uso wote."

"Bomoa."

"Mama Tessa..."

"Bomoa! Nilimwona mweusi mara moja, kitandani, na wewe ulikuwa umetoka nje. Sitakuja kusali hapa nimwone hivyo tena."

Vanni akachukua patasi. Chokaa ilikuwa bado laini, ikatoka bila ubishi: paji, pua, mdomo. Alikwangua hadi mwisho na hakuhisi kitu, akaogopa kwamba hatahisi kitu tena maishani. Mone akapaka lipu mpya.

Ukuta ukawa mtupu, unang'aa kwa maji. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la magharibi. Vanni alishika brashi, na mkono haukwenda.

"Unangoja nini?" Nencia akauliza.

"Simwoni, nimekwambia."

Nencia akavua kitambaa cha kichwani, akapindua ndoo, akaikalia, uso kwenye mwanga. "Pua ilikuwa yangu. Macho yangu, hata hili dogo. Mama yako mwenyewe alilalamika kwamba mtoto hakuchukua chochote kwenu. Nitazame, baba Tessa. Miezi mitatu hujanitazama."

Ilikuwa kweli, na Vanni alijua kwa nini. Akainua macho polepole, kwa woga. Binti yake alikuwa amekaa pale juu ya ndoo, amekula chumvi nyingi, anamngoja.

Akaanza na paji. Alipofika kwenye jicho la kushoto, mstari ukampotea.

"Umesogea," akamwambia mkewe.

"Sijasogea," Nencia akasema. "Unalia. Futa macho uchore, chokaa inakauka."