Kengele Aliyoivuta Sekela

Sekela alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulijulikana Tukuyu alikozaliwa na Sumbawanga alikofungua duka la dawa za mifugo: akiona kitu kimefunikwa, hatulii mpaka ajue chini yake kuna nini. Mama yake alimchapa kwa ajili hiyo akachoka. Wafugaji waliokuja dukani kununua dawa ya kupe walihojiwa mpaka ukoo wa ng'ombe wao ndipo wapewe chupa. Macho hayana pazia, alizoea kujitetea, na watu walicheka wakamwacha alivyo.

Basi siku Enock, kijana aliyetaka kumwoa, alipompakia kwenye pikipiki kumpeleka kijijini kwao, upande wa Mwimbi, akamwone mama yake kwa mara ya kwanza, alimpa onyo moja tu njiani. Amuulize mama chochote anachotaka, maharage, mvua, ndoto alizoota, lakini habari za baba asiziguse. Jamani, kumwambia Sekela asiulize ni sawa na kumwambia mbuzi asitazame shamba la maharage. Aliitikia vizuri kabisa, na kabla hawajavuka daraja la pili swali lilikuwa limeshamkaa kooni.

Kisa chenyewe Sekela alikijua nusu. Baba yake Enock, Urbano, aliteremka bonde la Rukwa kutafuta kibarua cha mpunga kule Mtowisa wakati Enock angali anavaa kaptula ya shule ya msingi. Hakurudi. Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, na wako waliosema mto ulimzoa kwenye mteremko. Wengine, wenye midomo mirefu, walisema kapata mke wa joto huko chini akasahau baridi ya Ufipa. Maiti haikuonekana, salamu hazikuja. Mkewe, Mama Enock, alisema neno moja na hakulibadilisha: atarudi. Hakukata nywele, hakukaa matanga, na mtu aliyethubutu kumpa pole alirudishiwa pole yake palepale mlangoni.

Sasa hapo ndipo mambo ya Sekela yalipokwama. Mshenga hatumwi na mama, wala kijana hajitumi. Anatumwa na baba, na baba akiwa amefariki, ndugu yake anasimama mahali pake. Ndugu alikuwepo, Baltazari, mdogo wake Urbano, mtu mzima mwenye adabu zake. Lakini Baltazari alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kusimama mahali pa kaka yake huku shemeji anamtengea kaka huyo sahani ya chakula. Siku akitokea nitamweleza nini, aliuliza. Huko Tukuyu nako baba yake Sekela alikuwa ameanza kuuliza kama huyo kijana ana ukoo au aliota mwenyewe kama uyoga. Alishatamka kuwa mvua zikianza bila mshenga kubisha hodi, mazungumzo yameisha. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na Sekela, ambaye alimpenda Enock kuliko alivyopenda kujua mambo, alikuwa hapati usingizi.

Walifika mchana, jua kali na upepo wa baridi, kama kawaida ya huko juu. Nyumba ya Mama Enock ilipakana na bustani ya misheni ya zamani, na yeye mwenyewe walimkuta bustanini, ameketi kwenye benchi la mawe akimenya maharage mabichi. Sekela alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama alivyofundishwa, akasema shikamoo. Mama alimpigia makofi na yeye, akaitikia marahaba, akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Kisha akamtuma Enock shambani akamwite baba yake mdogo, maana mgeni hapokelewi na mtu mmoja.

Wakabaki wawili, na Sekela akaanza kutazama. Mle ndani palikuwa na kimya cha ajabu. Misipresi mirefu ilisimama pande zote ikazuia upepo, na kati yake kulikuwa na mifereji ya matofali iliyoota kuvu, mawaridi ya zamani yenye mashina manene, mipeasi, na vitanda vya mboga vilivyoinuliwa kwa mviringo juu ya majani yaliyofukiwa, kama Wafipa wanavyolima. Katikati ya yote ulisimama mnara wa matofali ya kuchoma, peke yake, bila kanisa. Juu yake, kwenye dirisha lisilo na kioo, kengele ilining'inia.

Alishika maharage akaanza kumsaidia Mama kumenya, na maswali yakatoka. Kanisa lenyewe liko wapi? Lilihamishiwa karibu na barabara, Mama alisema, lile la bati jekundu mlilolipita, lina spika siku hizi. Nani alipanda haya yote? Mapadri wa zamani walianza, Urbano akaendeleza. Alikuwa mtunza bustani wao. Na sasa nani anatunza? Mama alijinyooshea kidole. Alisema ule mpeasi pale ukutani huupogoa kila mwaka, Urbano akirudi asimkute ameuacha umekuwa pori. Alisema vilevile kwamba mfereji wa chini umeziba na Urbano akirudi atajua pa kuufungulia. Jina hilo lilipita katika mazungumzo kama la mtu aliyekwenda sokoni.

Sekela alijikaza. Mungu ni shahidi, alijikaza. Alimenya maharage mengine kimyakimya, akamtazama yule mama mwenye mikono iliyopasuka kwa kutunza bustani ya mtu asiyekuwepo, na akaona hamtazami tena kwa udadisi bali kwa huruma. Swali likatoka lenyewe, kwa sauti ndogo.

"Mama, watu wote wanasema lao. Wewe mwenyewe, moyoni, unaona yuko hai?"

Vidole vya Mama vikasimama juu ya ganda. Hakukasirika, na hilo ndilo lilimtisha Sekela zaidi. Aliutazama ule mpeasi, akainuka, akasema anakwenda kuangalia sufuria jikoni. Mgeni azunguke aone bustani, asichume maua tu. Akaondoka bila kugeuka nyuma, na Sekela akajua ameshaharibu.

Alizunguka basi, akijilaani. Alijilaani mpaka alipofika kwenye mnara, na hapo, kwa kuwa mtu haponi siku moja, akaona mlango uko wazi. Ndani palikuwa na vumbi la miaka, utando wa buibui kila pembe, na ngazi iliyooza. Lakini kamba iliyoshuka kutoka juu ilikuwa ya katani mpya, na mahali pa kushika palikuwa pamelainika kwa mikono. Ajabu hiyo. Kanisa limehama, spika ipo, sasa nani anakuja kuvuta kamba hapa? Na je, kamba imefungwa kwenye kengele kweli, au inaning'inia tu? Alishika. Akavuta kidogo, kwa nia ya kusikia uzito tu.

Kengele kubwa ikishaamka hailali mara moja. Kwanza palikuwa na mlio wa mbao juu, halafu mlio mmoja mzito uliomtetemesha meno. Sekela alishtuka akaikamata kamba ili aizuie, na kwa kuizuia akaivuta tena. Ikalia. Akaachia, ikakaa kimya mpaka akashusha pumzi, ndipo ikalia mara nyingine, polepole, kama inayofikiri. Alipoweza kuituliza alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile, na alitoka nje akijiandaa kuomba radhi kwa kelele.

Asichokijua Sekela, na ambacho hakuna aliyefikiria kumwambia kwa sababu pale hata mtoto anayenyonya anakijua, ni kwamba kengele ile ilikuwa imebakiwa na kazi moja tu. Misa inaitwa na spika. Kengele ya bustanini inalia mtu akifa, tena inalia hivyohivyo, mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Na ikilia, mkulima anaacha jembe palepale lilipochoma udongo.

Wa kwanza kuingia walikuwa wanawake wa nyumba za jirani, kanga zimefungwa viunoni, kila mmoja na sahani ya unga iliyofunikwa. Nyuma yao wakaja wanaume na kuni mabegani. Waliingia bila sauti, wakapiga makofi yale ya taratibu, wakaketi kwenye nyasi, wakawa wanaulizana kwa Kifipa huku wakitazama nyumba ya Mama Enock, iliyokuwa karibu zaidi. Sekela hakuelewa maneno lakini unga aliuelewa. Hata kwao Tukuyu watu hawabebi unga namna ile kwenda kwenye sherehe.

Mama alikuwa amerudi kutoka jikoni, amesimama kando ya benchi, mwiko bado mkononi. Kisha Baltazari akaingia mbio, Enock nyuma yake, wote wawili na udongo magotini. Baltazari ndiye aliyerithi kamba ile kwa kaka yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuivuta. Aliuliza kwa ukali nani ameishika. Enock alimtazama Sekela tu, akajua, akafumba macho.

"Ni mimi," Sekela alisema. "Sikujua. Nilitaka kuona kama inafanya kazi."

Minong'ono ikaenea. Bibi mmoja, Bertilla, aliyekuwa na sahani kubwa kuliko wote, alisema kwa Kiswahili ili mgeni asikie vizuri kwamba yeye unga wake harudi nao. Unga wa msiba ukishatoka haurudi kupitia mlango uliotokea. Ukirudi, unarudi na msiba. Wenzake wakaitikia. Mzee mmoja akasema kengele iliyolia bila maiti imeomba maiti. Baltazari alijishika kichwa. Alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba binti huyu arudishwe mjini kabla jua halijazama, mengine yatazungumzwa na wakubwa. Sekela alisikia ndoa yake ikifungiwa mlango hivihivi anaona. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Hapo Mama akaweka mwiko juu ya benchi.

Alitembea katikati ya watu mpaka kwenye mpeasi ule wa ukutani, akaweka kiganja chake kwenye shina. Watu wakamgeukia, maana hakuwa na kawaida ya kusimama mbele ya watu. Alipozungumza alizungumza Kiswahili, polepole, kama anayemjibu mtu mmoja tu.

"Huyu mtoto ameniuliza leo kitu ambacho ninyi nyote hamjawahi kuniuliza. Mliniambia kafa. Mliniambia kaoa. Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje." Alivuta pumzi. "Nilipokuwa jikoni nilikuwa natafuta jibu la kumpa. Nilikuwa nalo siku nyingi. Kutamka ndiko kulikonishinda, na kengele ikalia kabla sijatamka. Msirudishe unga. Ni Urbano."

Mama alishika kitambaa chake cha kichwa, akakifungua, na nywele zilizotoka chini yake zilikuwa nyeupe kabisa. Akaketi chini, pale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, kama wanavyoketi wafiwa. Bertilla ndiye aliyesogea kwanza. Aliweka unga wake miguuni pake akaketi ubavuni, na wengine wakafuata, sahani kwa sahani.

Baltazari alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule. Miaka yote hiyo alikuwa akimlilia kaka yake kwa siri, shambani, ambako shemeji hangemwona. Alijifuta kwa mkono wenye udongo, akaelekea mnarani, kwa kuwa kengele ilikuwa haijamalizwa na marehemu hawezi kuachwa nusu. Mama akamwita.

"Shemeji, kamba mwachie mkamwana wangu. Aliyeanza amalize. Wewe kaa hapa mahali pa kaka yako, una watu wa kupokea, na una mshenga wa kutuma Tukuyu tukishaanua matanga."

Enock alitafuta mahali pa kuangalia akakosa, akamtazama mama yake mpaka machozi yakamzidi. Sekela alibaki amesimama, hajui kama amesikia vizuri, mpaka mwanamke mmoja alipomsukuma mgongoni kwa upole. Akaingia mnarani, akashika kamba pale palipolainika. Safari hii alijua anachovuta.

Alivuta. Mlio wa kwanza ulipotoka, kule nje Mama Enock alipaza kilio, kilio kirefu cha miaka, na wanawake wote wakakipokea. Sekela aliacha kimya kikae kama alivyosikia mara ya kwanza, akavuta tena, huku analia naye kwa ajili ya mkwe ambaye hakumwona na hatamwona. Hakuiachia kamba mpaka Baltazari alipokuja kumgusa bega, akamwambia imetosha, aende akasaidie kusonga ugali.