Kikao cha Kumwokoa Mshonaji

Ndugu zake mshonaji walimpenda mno, ndiyo maana siku waliyosikia amebatizwa walimwitia kikao kabla nywele hazijamkauka. Kaka yake mkubwa, karani aliyebobea katika barua za onyo, alishamwandalia na karatasi.

"Mdogo wangu, hatuna ugomvi na wewe," alisema kwa upole wa kutisha. "Andika hapa kwamba umemwacha huyo Yesu wako, yaishe. La sivyo, huna ndugu."

"Kaka, nitakuwa nakudanganya."

"Basi danganya! Kwani tabu iko wapi?"

Hakuandika. Mama yao akakodolea macho ukuta, na upendo wa familia ukamtoa nje na begi moja.

Kazini, kwenye karakana ya sare, habari zilikuwa zimemtangulia. Msimamizi, mtu wa haki kwelikweli, aliihamishia cherehani yake kando ya choo, "ili upate utulivu wa kusali." Wenzake wakampa jina la Mtakatifu. Wiki ya pili, makoti kumi na mawili aliyoyamaliza yalikutwa yamemwagiwa mafuta ya mashine. Hakuna aliyeona kitu, katika chumba cha wanawake thelathini wenye macho ya kutambua kifungo kilicholegea toka mlangoni.

Alijifungia chooni akalia. Matusi alikuwa nayo, tena ya kutosha karakana nzima. Badala yake akaomba, kwa hasira: "Bwana, umesema niwapende. Anza Wewe, mimi nitafuata." Kisha akatoka kufua makoti. Msimamizi akamfukuza siku hiyohiyo, kwa kosa la kunuka mafuta.

Mjane mmoja wa kanisani akampa chumba cha mbele na cherehani ya marehemu mumewe. Mwezi haujaisha, wifi yake akaja, kajitanda kama mwizi, na suruali mbili kwapani.

"Za kaka yako. Asijue, wifi. Mafundi wengine wamemfanya atembee kama mwenye jipu."

Mshonaji akazishona upya vizuri, japo shetani alimshauri kuhusu sehemu ya kuachia sindano.

Siku tatu baadaye kaka mwenyewe akasimama mlangoni, kavaa mojawapo.

"Nani kakuruhusu kunishonea?"

"Imekukaa?"

"Imenikaa. Lakini mimi sikutambui!"

"Sawa, kaka. Hebu geuka nione nyuma."

Kaka akageuka. Alipogundua kwamba ametii, akaondoka bila kuaga, kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Mshonaji alicheka, kisha akaacha, maana alimkumbuka sana kaka yake.

Jumapili, akienda ibadani, alipita kwao. Mama yake alikuwa akianua nguo.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Lakini hakuingia ndani pia. Alisimama na shuka mkononi mpaka binti yake alipokata kona.