Swali la Thelathini na Moja

Mama Waya hakuwa na cheti cha aina yoyote, wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Alichokuwa nacho ni miaka tisa ya kutambaa juu ya dari za hospitali ile, akivuta kebo kutoka maabara hadi famasi, kutoka famasi hadi masjala, popo wakimtazama na vumbi likimjaa puani. Kompyuta ya daktari ikigoma, aliitwa yeye. Majibu ya damu yakikwama njiani, aliitwa yeye. Na kazi yote hiyo aliifanya kwa mkataba wa miezi sita sita, wa kuombwa upya kila unapokwisha, kana kwamba kila mara ndiyo kwanza anabisha hodi.

Kwa kuwa alijifunza kwa mikono, vitu alivipa majina yake mwenyewe. Ruta, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ndani na dunia ya nje, alikiita mlango. Ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba aliiita karani wa majina. Kinachogawia kila kompyuta namba yake kilikuwa mgawa namba, na kinachozuia wavamizi kilikuwa bawabu. Majina hayo, pamoja na namba ya kila mashine ya hospitali, aliyaandika katika daftari la jalada gumu la kijani lenye doa la aidini pembeni. Bila daftari lile, kitengo kizima cha kompyuta kingekuwa kipofu.

Mtu mwingine aliyelijua daftari ukurasa kwa ukurasa alikuwa mdogo wake, Kitinda. Ndivyo walivyozoea kumwita nyumbani, kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Mama yao alifariki katika hospitali hiyo hiyo, upande wa wodi za zamani, Kitinda akiwa na miaka minne na Mama Waya kumi na tisa. Tangu siku hiyo Mama Waya akawa mama, akawa baba. Alimbeba mgongoni, akamsuka, akamsomesha, akamkalia macho akiugua. Kitinda alipomaliza mafunzo ya uchapaji, ni yeye aliyemwombea nafasi masjala, kisha akamvuta kwenye kitengo chake. Kila mapumziko ya mchana walijifungia stoo, katikati ya kompyuta zilizokufa, dada mtu akifundisha na mdogo mtu akiandika.

"Haya, ujumbe ukitoka maabara kwenda nje, unapita wapi?"

"Kwenye swichi zinapokutana kebo zote, kisha mlangoni, kisha bawabu aukague."

"Na jina la kizungu la bawabu?"

"Dada, si huwa unalisahau wewe mwenyewe?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," Mama Waya alijibu, nao wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Basi likaja tangazo. Hospitali ilitaka msimamizi mmoja wa mtandao, ajira ya kudumu. Wafanyakazi wote watano wa kitengo waliruhusiwa kufanya mtihani wa maarifa ya msingi ya mtandao wa kompyuta na intaneti, maswali arobaini ya kuchagua herufi. Atakayeongoza atapata cheo. Atakayekosa kufikisha thelathini, mkataba wake hautaendelezwa. Mkuu wa kitengo, mtu mpole ambaye ujuzi wake wa kompyuta uliishia kwenye kuiwasha, alisema maswali yangetoka juu yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

"Mimi sifanyi," Kitinda alisema siku ile ile. "Nafasi hii ni yako, dada. Nikushindanie wewe? Nina akili timamu kweli?"

Mama Waya alimkumbatia. Maneno yale yalimwingia moyoni, akayatunza.

Wiki moja kabla ya mtihani daftari la kijani likapotea. Lilikuwa kwenye rafu ya stoo asubuhi, mchana halikuwepo. Kitinda ndiye aliyehangaika kulitafuta kuliko wote. Alipiga magoti chini ya rafu, akapekua makasha, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele. "Pole, dada. Labda wafagizi walidhani ni takataka." Na siku ya mwisho ya kujiandikisha, jina lake likaonekana kwenye orodha. "Mkuu kanilazimisha," alieleza, macho yakiwa sakafuni. "Anasema tukipungua mtihani unafutwa." Mtu mwingine angeuliza maswali mawili matatu hapo. Mama Waya hakuuliza hata moja. Mtoto uliyemlisha kwa kijiko, unaanzaje kumshuku?

Mtihani ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa wagonjwa wa nje, kwenye yale mabenchi marefu, chini ya picha zinazofundisha watu kunawa mikono. Mama Waya alifungua karatasi akiwa mtulivu. Kufika swali la tano, jasho lilikuwa linamtiririka.

Ilikuwa vifupisho vitupu. DNS hufanya kazi gani. DHCP ni kifupi cha nini. Ipi kati ya hizi ni itifaki ya kutuma barua pepe. Herufi hizo alikutana nazo kwenye skrini kila siku, lakini kwake zilikuwa kama namba za magari ya watu: unaziona, huzihifadhi. Ungempeleka kwenye mashine iliyoharibika angekuonyesha ugonjwa kabla hujakaa kitini. Karatasini ilimbidi akisie, alinganishe, arudi nyuma. Na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kushangaa, kwa sababu kila jina lililowahi kumpiga chenga kule stoo lilikuwa limepangwa pale, moja baada ya jingine. Aliyetunga maswali haya alijua alipo mdhaifu.

Hata hivyo alijikaza. Alijua mengi kuliko alivyodhani, na mengine aliyang'amua kwa kufikiri. Akafika swali la thelathini na moja.

"Katika mtandao wa ndani, ruta hupewa anwani inayoishia na namba ipi? A: 1. B: 100. C: 77. D: 255."

Akalisoma tena.

Hakuna sheria ya namna hiyo popote duniani. Watengenezaji wengi huweka moja, na fundi anaweza kubadilisha apendavyo. Lakini sabini na saba! Namba hiyo ilikuwa ya ruta ya hospitali ile peke yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka, miaka tisa iliyopita. Na iliandikwa mahali pamoja tu, ukurasa wa kwanza wa daftari la kijani, kwa wino mwekundu: "Mlango = 77. USIBADILISHE."

Mama Waya aliinua kichwa. Benchi mbili mbele yake, Kitinda alikuwa amemaliza zamani, amekaa anachezea kifuniko cha kalamu. Shingo ile aliijua. Alikuwa ameipaka mafuta kila asubuhi kwa miaka mingi.

Alijua pia jibu ambalo lingepewa alama. Angezungushia C, basi, akapita. Lakini mkono ulikataa. Kuandika sabini na saba pale kungekuwa kumshangilia mtu aliyemwibia. Akazungushia moja, ambalo ndilo jibu la karibu zaidi na ukweli, akaendelea na swali la thelathini na mbili huku herufi zikimchezea machoni.

Jumatatu matokeo yakabandikwa. Kitinda, arobaini kwa arobaini. Mama Waya, ishirini na tisa.

Alimkuta mdogo wake stoo. Kitinda akasimama haraka.

"Dada, usinikasirikie. Ni bahati tu."

"Hongera," Mama Waya alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Cheo ni chako, sitakigusa. Nina ombi moja. Nenda kwa mkuu, mwambie swali la thelathini na moja limekosewa, lifutwe. Nipewe alama yangu moja nibaki na kibarua changu."

"Limekosewaje? Si umeandika mwenyewe kwenye daftari, tena kwa wino mwekundu..."

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limekwishatoka.

"Daftari gani?" Mama Waya aliuliza. "Lile tulilolitafuta pamoja? Lile ulilolipigia magoti?"

Kitinda akaangua kilio, na kilio chake kilikuwa na hasira ndani. "Mkuu hajui kitu, dada! Hakuna bahasha wala nini. Aliniomba nimtungie kwa siri. Nilianza kwa nia njema kabisa. Halafu nikawaza, mpaka lini? Kitinda lete ngazi. Kitinda shika tochi. Miaka yote mimi ni mdogo wa Mama Waya. Nami nilitaka kuwa mtu!"

"Kwa hiyo ukakaa ukachambua kila nisichokijua."

Kitinda akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nenda kwa mkuu, mdogo wangu. Alama moja tu."

"Nikaseme nini? Mkuu hafuti swali bila wakubwa kuuliza nani alilitunga. Itajulikana nilitunga mtihani na kuufanya mwenyewe. Nitamwaga unga, dada."

"Na mimi je?"

"Wewe una mikono yako. Wewe hukosi kazi."

Mama Waya aliumia. Hata siku waliyomzika mama yao alikuwa na mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo alikuwa mtoto huyu. Sasa hakuwa na wa kumshika. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa mkuu wa kitengo, akainua mkono abishe, maneno yote yakiwa yamejipanga mdomoni. Akamwona Kitinda akifukuzwa kazi, akitoka getini na mkoba wake, watu wakimnyooshea vidole. Akaushusha mkono. Mwisho wa mwezi alifunga koleo lake na bunda la kebo kwenye mfuko, akawaaga wauguzi, akaondoka.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika duka la kutoa nakala, akipitisha kebo nyuma ya kabati, pale simu ilipoita.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Dada, nimekwama." Nyuma ya sauti ya Kitinda palikuwa na makelele ya watu wengi. "Niko jengo jipya la wazazi, tumefungua leo. Kompyuta zote kumi na mbili zinaonana, zinachapa vizuri, lakini hakuna hata moja inayotoka nje. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Mmoja uchungu umeshamshika, na faili lake siwezi kulivuta. Nimebadilisha kebo zote. Nimefuata daftari neno kwa neno!"

Mama Waya angeweza kukata simu. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Lakini yule mama mwenye uchungu alikuwa amemkosea nini?

"Namba ya mlango umejaza ngapi?"

"Sabini na saba."

Mama Waya akakaa chini kabisa, mgongo kwenye kabati.

"Hiyo si sheria, Kitinda. Jengo hilo lina ruta yake, na bila shaka wakandarasi wameiacha na moja. Weka moja."

Akasikia vidole vikigonga. Kisha sauti ya muuguzi, "Imefunguka!" na watu wakapiga makofi.

"Imekubali, dada! Asante, asante sana. Lakini sasa... kama si sheria, kwa nini uliandika isibadilishwe?"

Mama Waya alitazama viganja vyake, vyeusi kwa vumbi la chini ya meza.

"Unakijua chumba cha mwisho cha wodi za zamani, pale ilipofungwa ruta ya hospitali?"

"Nakijua."

"Kabla hakijawa cha mitambo kilikuwa na vitanda. Cha ukutani namba yake sabini na saba. Mama alilazwa hapo. Siku ya mwisho ulipanda ukalala ubavuni pake, hukutaka kutoka, nikakubeba kwa nguvu. Nilipopewa ruta ile niichagulie namba, nikaichagua hiyo. Nilitaka kila kinachotoka hospitali ile kipite kwake kwanza."

Upande wa pili makelele ya akina mama yaliendelea. Kisha pumzi ya Kitinda ikaja, imekatikakatika.

"Hukuniambia. Miaka yote hiyo, dada, hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nakusubiri ukue."

Kitinda akaanza kulia. Mama Waya alimsikiliza kidogo, kama alivyokuwa akimsikiliza zamani kupitia ukuta wa chumba, akijua kilio kipi ni cha njaa na kipi ni cha ndoto mbaya. Zamani angeinuka.

"Daftari langu liache kwa mlinzi wa getini," alisema. "Nitalifuata mwenyewe. Nyumbani usije."

Akakata simu, akaiweka mfukoni, akarudi chini ya meza kumalizia kebo yake.