Sura ya Chercán

Sisi watu wa sarakasi tuna mwiko mmoja ambao hata walevi wetu hawauvunji: mchekeshaji akifa, huoshwa uso ndipo azikwe. Sura aliyojichora maisha yake yote inabaki duniani, na mtu wa damu yake anaweza kuivaa. Akizikwa nayo, ni yake, isiguswe. Cheka ukitaka.

Clorinda aliujua mwiko huo tangu utotoni. Lakini mumewe Evaristo alipofariki kule Osorno, mji mzima ulikuja hemani kumuaga, na watoto walipochungulia jenezani wakanong'ona, "Huyu siye Chercán." Chercán ndilo jina alilochekeshea watu. Maneno yale yalimchoma Clorinda. Akachukua rangi akampaka mwenyewe: nyeupe kuzunguka mdomo, nyekundu puani, nyusi moja juu kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Watoto wakaridhika. Kwa kilio alichokuwa nacho, hakukumbuka kumwosha, na Evaristo akazikwa hivyo hivyo.

Ilipofika Septemba, sikukuu ya taifa, hema lilisimama mjini Ancud huku mvua ikimwagika. Watu walijaa, mchekeshaji hakuna. Binti yao Ismenia, ambaye kazi yake ilikuwa michezo ya kamba za juu, akakaa mbele ya kioo na rangi za baba yake.

"Chora sura yako mwenyewe," mama yake akamwambia.

"Nani ananijua mimi, mama? Wanamtaka Chercán."

"Amezikwa nayo, Ismenia! Unataka kutuletea balaa?"

"Rangi tu hizi. Hebu sogea, unanitetemesha mkono."

Clorinda akasimama nyuma ya pazia, roho mkononi. Hakuwa na mtoto mwingine.

Ismenia akaingia akiburuta mguu wa kushoto. Evaristo ndiye aliyekuwa na mguu mbovu. Halafu akamnyooshea kidole mzee mmoja wa mstari wa mbele. "Wewe, leo umelipa, au umepenya tena chini ya turubai?" Watu wakavunjika mbavu. Mzee naye akacheka, kisha akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba. Mpiga kodiani akakosea nota, kwa maana sauti ile ilikuwa nzito, ya mvuta tumbaku, na Ismenia hajawahi kuvuta hata siku moja.

Onyesho lilipokwisha, Clorinda akamkuta kwenye gari wanamolala, amekaa kitandani kwa baba yake. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya nguruwe.

"Njoo nikufute, mwanangu."

"Bado umeninunia, Clori?"

Kitambaa nusura kimponyoke. Usiku aliokufa Evaristo waligombana kwa ajili ya supu iliyozidi chumvi, jambo la kipuuzi kabisa, na Clorinda akalala amempa mgongo. Alfajiri mwenzake alikuwa amekwisha kupoa. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, wala padri.

"Nijibu basi, mke wangu."

"Sina kinyongo, mzee wangu." Machozi yakamtoka. "Nisamehe. Nisamehe mimi."

"Yameisha. Kaa hapa, usinifute kwanza. Nina kichekesho chako."

Clorinda alijua la kufanya, na akaanza kulifanya, jamani, tusimwonee. Akampitishia kitambaa kidevuni. Rangi ikatoka bila shida, ngozi ya msichana ikaonekana, na papo hapo sauti nyembamba ikasikika kwa mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Mama? Mama, nifute. Haraka, sioni kitu."

"Ngoja kidogo tu, Clori," ile nzito ikasema. "Tangu lini hujacheka?"

Clorinda akamtazama. Ile nyusi ilikuwa juu, vilevile alivyoipenda.

"Vumilia kidogo, mwanangu," akasema, akachota rangi nyeupe kwa kidole, akapaziba pale kidevuni.