Kiti cha Tatu cha Lambert

Jirani yangu Lambert alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na minane, na mgodi ulipofungwa alitoka na vumbi lake kifuani. Sasa anaishi kwa viti: kimoja mlangoni, kimoja kwenye kabichi, kimoja mbele ya banda la njiwa. Anatembea, anakaa, anavuta pumzi, anaendelea. Mpira wa puani unaomletea hewa kutoka kwenye mtambo wa oksijeni sebuleni unaishia kiti cha tatu. Kuingia bandani lazima auvue.

Mwezi wa tatu daktari alimwambia bila kuzunguka: vumbi la njiwa linamalizia kazi ya makaa. Njiwa wasipoondoka, Krismasi hataiona. Mkewe, Godelieve, ambaye tangu aolewe hajapenda njiwa hata mmoja, akampa wote kaka yake Firmin, mwoka mikate wa mji wa pili. Firmin hajui njiwa, anajua unga.

"Niwafanyeje, shemeji?" Firmin aliuliza akipakia vikapu vya njiwa.

"Wafungie wiki mbili," Lambert alisema, akapumzika. "Wakishazoea, wafungulie. Watulivu hao."

Nilisikia, nikanyamaza. Hapa mkoani Limburg hata mtoto anajua njiwa wa mashindano aliyekomaa hahamishiki. Ukimfungulia tu, anarudi alikolelewa. Lakini mambo ya mke na mume, mimi nani?

Jumapili ya tatu, kabla ya kahawa, njiwa wote walitua bandani kwao. Lambert alikuwa kitini tayari, na kofia yake ya mashindano kichwani.

"Ulijua," Godelieve alisema.

"Kila mtu anajua."

"Kwani unataka kufa, mzee?"

"Nataka kuwahesabu."

Akashika mpira wa puani auvue. Godelieve akamzuia mkono, akaingia ndani, akarudi amevaa ovaroli la mumewe na barakoa. Njiwa anawaogopa.

"Kaa hapo. Ukinyanyuka, wote supu."

Tangu siku hiyo Lambert anaamrisha kwa vidole, kuokoa pumzi. Kimoja maji, viwili mahindi. Mke ananung'unika, anafanya. Firmin bado ananiuliza alikosea wapi.

Krismasi Lambert alikuwepo. Godelieve alitoka bandani na njiwa mkongwe mkononi, akasimama hatua tano kutoka kitini, upande ambao upepo haukumwelekea mumewe.

"Mtazame tu," alisema.

Alimtazama, machozi yakimtoka. Nikaingia ndani kwangu, nikafunga mlango.