Bunduki Isiyovuta Kushoto

Kitambaa kilitoka kwenye mtutu kikiwa cheupe, na Machano akajua bunduki imetakata. Akailaza juu ya meza, akamalizia chai yake iliyokwisha kupoa. Nje, kwenye Barabara ya Umbilo, teksi zilikuwa zikipigiana honi kugombea abiria. Mbele dukani, Belinda, mwenye duka, alikuwa akibishana kwenye simu juu ya mzigo wa risasi uliokwama bandarini.

Machano alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Bluff, ng'ambo ya bandari, fundi wa bunduki tangu ujana wake. Bunduki iliyokuwa mezani ilikuwa ya kaliba ndogo, ya kuulia mbweha na tumbili wanaosumbua mashamba. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli, lakini ina mbio na haishuki upesi, na ndiyo maana wakulima wanaipenda. Ukilenga jicho, unapiga jicho. Ilikuwa ya Bwana Hartley, mwenye mashamba ya miwa upande wa kaskazini. Mwezi uliopita, jua likizama, Hartley alimuua nayo mkata miwa mmoja, Mkongo aliyeitwa Alain. Aliwaambia polisi kwamba alimlenga mbweha, bunduki ikavuta kushoto, ikaipeleka risasi pembeni. Polisi wakaileta dukani ipimwe.

Mchana wa Jumanne hiyo Machano aliipeleka kwenye kiwanja cha shabaha, ndani ya machimbo ya mawe ya zamani nje ya mji. Alisimika ubao mita mia moja, akaiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akashusha pumzi, akafyatua mara tano. Alipochungulia kwenye darubini aliona tundu moja tu, katikati kabisa, ambalo kifungo cha shati kingelifunika. Alifurahi, kama fundi yeyote, kabla hajakumbuka bunduki ile ilifanya nini.

Kisha akamwona mtu amesimama kando ya ubao, ametia kidole kwenye lile tundu. Machano aliweka bunduki chini, akaenda. Mtu huyo alivaa koti la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, lile wanalopewa wakata miwa ili waonekane kwa mbali. Kifuani lilikuwa limetoboka, na kupitia pale palipotoboka yalionekana majani ya upande wa pili.

"Ndugu yangu, kaa pembeni. Hapa panapigwa risasi."

"Najua, Papa," Alain alisema. "Hata ile siku nilikuwa pembeni."

Machano akampa pole. Alain akaipokea, akauliza kama ubao hautikisiki. Machano akasema unatikisika kidogo, upepo ukivuma. Basi Alain akaushika kwa mikono miwili, na Machano akarudi kuendelea na kazi.

Jioni alimweleza Belinda kwamba bunduki ni nzima.

"Hartley anasema ilivuta kushoto," Belinda alisema.

"Haivuti."

"Itavuta, Machano. Ofisa anakuja kuiona Ijumaa. Hartley amekuwa mteja wetu tangu enzi za baba yangu."

Belinda hakuwa mtu mbaya. Mke wa Machano alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa gari lake, na siku ya mazishi alifunga duka, akaja Bluff amejitanda mtandio. Machano aliyafikiria hayo alipokuwa akilegeza skrubu za darubini. Aliyafikiria tena alipochukua tupa na kuukwaruza mdomo wa mtutu upande mmoja, mahali ambapo hata mkwaruzo mdogo huipotosha risasi. Tupa ilitoa sauti nyembamba. Alipomaliza, alinawa mikono kwa muda mrefu.

Kesho yake alikuja mwanamke aliyevaa aproni ya saluni, vipande vya nywele bandia vimemnasa begani. Alikuwa Laurette, mjane wa Alain, aliyekuwa akisuka nywele mtaa wa pili.

"Papa Machano, nasikia ile bunduki iko hapa kwenu."

"Ipo, mama."

"Niambie tu kweli. Inapigaka fasi wanailenga, pale-pale, ao hapana?"

Machano alitazama mikono yake. "Bado naipima."

"Sawa," Laurette alisema. "Njo vile Alain nayeye anasema. Kila mangaribi anakuja nyumbani, anakaa kwa kiti. Namupatia chakula, hakuli. Namuambia, lala basi, umechoka. Anasema, ngoja kwanza fundi apime."

Aliaga, akarudi kazini. Machano aliuangalia mdomo wa mtutu. Chuma kikishakwaruzwa, hakirudi.

Ijumaa walikutana machimboni: ofisa wa polisi, Hartley, Belinda na Machano. Alain alikuwa ameshafika, ameushika ubao. Ofisa aliuliza yule ni nani, na Belinda akajibu kuwa ni mtu wa kazi. Hartley alishusha kofia yake machoni.

Machano alilenga katikati, akafyatua. Risasi ikapita kwenye tundu lilelile la Jumanne. Akalenga pembe ya ubao. Tundu lilelile. Ofisa akamwambia aigeuzie bunduki kwenye ukuta wa mawe ulioko kulia, naye akaigeuza, akafyatua. Mlio ukarudi kutoka ukutani, lakini majani yaliyotikisika yalikuwa nyuma ya tundu la ubaoni.

"Lete hapa," Hartley alisema. Akaichukua, akaielekeza juu mawinguni, akafyatua. Alain alitazama tundu, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha kwamba imepita humo.

Hapo Machano akasema. "Bwana ofisa, bunduki hii haivuti popote. Nimelegeza darubini yake na kuukwaruza mtutu, kwa mkono wangu mwenyewe, ili ionekane inavuta. Imekataa."

Belinda alitazama chini. Ofisa alitoa daftari lake.

"Yaani hata ikielekezwa kwingine, inapiga palepale?"

"Palepale."

"Nimeelewa," ofisa alisema.

Mahakamani hakuna aliyebishana na ushahidi huo. Hakimu aliusikiliza wote kwa makini, akavua miwani, akasema kwamba bunduki inayopiga mahali pamoja, popote inapoelekezwa, haiwezi kumtia hatiani anayeielekeza. Hartley akaachiwa na bunduki yake, akashauriwa aifanyie matengenezo. Laurette alikuwa amekaa benchi la nyuma na Alain. Hakulia. Alimgeukia mumewe, akamuuliza kama sasa atakula. Alain akasema hapana.

Belinda hakumfukuza Machano, wala hawakulizungumza tena lile jambo. Wakulima walianza kupiga simu, wakiuliza kama dukani ipo nyingine ya namna ile. Alain aliendelea kufika machimboni kila alasiri kabla ya kwenda kwa Laurette, na wateja walimzoea. Walisema tangu aanze kuushika ubao, hata upepo wa baharini hauwasumbui.

Majira ya baridi yalipoingia, Machano alikuwa akiipima bunduki ya mteja mwingine. Alichungulia kwenye darubini, akaondoa kidole kwenye kifyatulio. Kando ya Alain alikuwa amesimama mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, shingo yake imetobolewa tundu dogo, safi, ambalo kifungo cha shati kingelifunika. Machano aliacha kila kitu, akaenda. Mwanamke alimwamkia kwa Kizulu, akauliza yeye asimame wapi.

Alain akasogea, akampisha.